Vimamba kwenye Maharagwe ya Molo

Majivu yakilowa maji yana harufu yake. Si ya moshi wala si ya udongo. Ni harufu inayokwaruza puani kidogo, kisha inaacha kitu kama chumvi kwenye ulimi. Wiki iliyopita jirani yangu hapa Busia mjini alimwaga majivu ya jiko nyuma ya nyumba, mvua ikashuka ghafla, na mimi niliyekuwa nikikunja nguo za watoto nikabaki nimesimama na shati moja mkononi, nisijue nilikuwa nikifanya nini. Nilikuwa na umri wa miaka tisa tena. Nilikuwa kijijini kwetu Masinya, katikati ya miharagwe iliyonifika magotini, nimeshika mkebe wa maji ya majivu uliojaa maiti.

Ngoja niwaeleze vizuri, msije mkanidhania vibaya. Maiti wa wadudu.

Mkebe ule ulikuwa wa Nyanya, mama yake baba yangu. Yeye hakuwa Msamia kama sisi. Alizaliwa Molo, upande wa Tororo, Japadhola halisi, akaolewa Masinya akiwa msichana asiyejua neno hata moja la Kisamia. Babu naye hakujua Kidhopadhola cha kwao Nyanya. Waliposhindwa kuelewana wakakutana kwenye Kiswahili cha sokoni, kile cha mpakani kinachokata kona, wakalea watoto sita kwa hicho. Hata baada ya Nyanya kujifunza Kisamia cha kutosha kugombana na majirani, jikoni kwetu Kiswahili hakikutoka tena.

Siku alipokuja kuolewa alibeba kikapu kimoja, na ndani yake mlikuwa na maharagwe aliyopewa na mama yake. Yalikuwa na rangi ya ini, na kila moja lilikuwa na mkanda mweupe katikati kama mwanamke aliyejifunga leso kiunoni. Yakichemshwa yalitoa mchuzi mzito bila hata tone la mafuta. Sisi tuliyaita maharagwe ya Molo, ingawa Molo kwenyewe yalikuwa yamekwisha zamani. Mwaka mmoja wa njaa watu wa huko walikula hata mbegu, baadaye wakaletewa mbegu nyingine, maisha yakaendelea. Aliyebaki nayo ni Nyanya peke yake. Dada yake aliyebaki nyumbani kwao, ambaye sisi tulimwita Nyanya Mkubwa, alimtuma kila mtu wa Molo aliyepita njia yetu na ujumbe uleule: niletee mbegu ya mama kabla sijafa. Nyanya alijibu kila mara kwamba msimu ujao.

Halafu ukaja mwaka ule wa fukusi. Mwezi wa tatu, mvua zikiwa karibu, Nyanya alifungua chungu cha mbegu, na kilichotoka kwanza kilikuwa unga. Muhuri wa samadi uliokuwa mdomoni mwa chungu ulikuwa umepasuka pembeni, ufa mwembamba tu, na wadudu wale hawakuhitaji zaidi ya huo. Kila harage tulilookota lilikuwa na tundu, la duara safi kama limetobolewa na fundi. Tulikaa sakafuni mchana mzima tukichagua. Yaliyosalimika yalijaa kikombe kimoja cha chai.

Nyanya alikishika kile kikombe kwa mikono miwili, akakitazama muda mrefu.

"Nabwire," aliniambia, "hii ndiyo imebaki dunia mzima. Ikikufa, imekufa."

Sikuwahi kukabidhiwa kitu kikubwa hivyo. Mama yangu alikuwa Majanji, kando ya ziwa, akiuza mukene, wale dagaa wadogo, baba alikuwa kazini mbali, na niliyelala chumba kimoja na Nyanya ni mimi. Kwa hiyo ulinzi wa dunia nzima ukawa wangu na yeye.

Tulipanda nyuma ya jiko, kwenye kipande kisichozidi nyumba ya vyumba viwili. Nyanya alitia mbegu mojamoja, akifukia kila moja kwa kisigino polepole. Wiki ya tatu, baadhi ya miche ikaanza kuwa ya manjano na kulegea, ingawa mvua ilikuwa ya kutosha. Mimi nililia. Yeye hakulia, aling'oa mche mmoja, akaupasua shina karibu na udongo kwa ukucha wa kidole gumba, akanionyesha. Ndani mlikuwa na vipunje vya kahawia, vidogo kama simsim. Alisema hao ni watoto wa inzi, yule inzi mdogo mweusi anayeng'aa ambaye nilikuwa nikimwona asubuhi ametulia juu ya majani kama mtu anayeota jua. Anataga yai kwenye jani, mtoto anateremka ndani kwa ndani mpaka kwenye shina, na huko anakula njia ya maji.

Ile miche iliyokwisha kabisa tuliing'oa tukaichoma. Iliyobaki, Nyanya aliivutia udongo kwa jembe dogo, akarundika kila shina mpaka karibu na majani ya kwanza.

"Mguu yake imekatwa," alisema. "Sasa tunampa mguu ingine."

Baada ya siku kumi alinipeleka akafukua kidogo pembeni mwa shina moja. Juu ya kidonda, mahali ambapo palikuwa ngozi tupu ya shina, mizizi mipya ilikuwa imetoka, myeupe, mingi, imeshikilia udongo. Nilihisi kitu kilekile nilichohisi kanisani siku ya Pasaka wakati wote wanaposimama pamoja. Mmea usio na mdomo wala macho ulikuwa umeambiwa "ota mguu mwingine," nao ukaota.

Kwa hiyo msifikiri Nyanya alikuwa mjinga wa shamba. Aliyoyajua yalikuwa mengi na mengi yake yalikuwa kweli. Hiyo ndiyo sababu sikuwa na shaka naye hata kidogo katika lile jambo lililofuata.

Maharagwe yalipoanza kuweka vitumba vya maua, vidukari wakaja. Walikuwa weusi, wadogo kuliko mbegu ya mchicha, wamejibana kwenye ncha za matawi na chini ya majani, wakinyonya. Majani yakajikunja na kunata. Sisimizi walipanda na kushuka kwenye mashina kama watu wa mpakani siku ya soko, kila mmoja na haraka yake.

Kwao Molo, mwanamke mwenye maharagwe shambani haingii jikoni asubuhi kabla hajayapitia. Mkono wa kushoto una mkebe wa maji ya majivu, wa kulia unaokota. Kila kinachotambaa juu ya harage kinaingia mkebeni. Ndivyo Nyanya alivyofundishwa na mama yake, yeye na dada yake, wakipita mistari miwili sambamba kabla jua halijawa kali, na ndivyo alivyonifundisha mimi. Aliyesamehewa ni mmoja tu: yule mdudu mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi mgongoni, ambaye sisi watoto tulimwita bibi arusi. Huyo ni mgeni wa heri, alisema mama yake Nyanya, haguswi. Mimi nilimpenda sana. Nilimwacha anipande kidole mpaka kwenye ncha, akafungua mgongo wake kama sanduku na kuruka.

Adui mkubwa alikuwa kimamba. Hilo ni jina la Nyanya, na mngemwona msingelibishia. Alikuwa mrefu kama punje ya mchele, mweusi, mwenye pingili na miiba mgongoni na alama chache za rangi ya chungwa, na alitembea akiburuta mkia. Alikuwa na sura ya kitu kilichokusudia ubaya. Tena kila penye vidukari wengi, yeye alikuwapo katikati yao. Ushahidi ulikuwa wazi: ndiye mkubwa wao, ndiye anayewazaa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Nyanya alisema akimdondosha wa kwanza majini.

Vidukari wenyewe walikuwa wadogo mno kuokotwa. Ukiwafuta wanakupaka uchafu tu. Lakini kimamba alikuwa wa kuonekana, wa kuhesabika. Niliamka kabla ya kengele ya shule nikawawinda kwa bidii ambayo sikuwahi kuionyesha kwenye hesabu wala kwenye kuosha vyombo. Jioni Nyanya alitazama ndani ya mkebe, akanisifu mbele ya watu, na ukoko wa ugali wa muhogo ukawa wangu. Ninyi ambao hamkuwahi kugombania ukoko hamwezi kujua nilikuwa nimepanda cheo gani.

Jambo moja tu halikukaa sawa. Nilivyozidi kuua, vidukari walizidi kuongezeka. Walitoka kwenye ncha wakashuka kwenye maua, wakatoka kwenye maua wakaingia kwenye maganda machanga. Nyanya aliacha kuimba asubuhi. Nikamwona mara mbili akihesabu miharagwe kwa kidole, kisha akiirudia hesabu ileile.

Jumamosi akaja baba mdogo Wandera. Alikuwa na chupa ya soda, isiyo na karatasi ya jina, iliyofungwa kwa mfuko wa plastiki, na hata hivyo ilinuka mpaka mlangoni. Alipewa na rafiki yake wa upande wa Kenya aliyekuwa analima kabichi. Nataka mjue Wandera hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mama yake kwa kelele, kama alivyofanya kila kitu.

"Mama, hii dawa si mchezo," alisema. "Iko kali. Napiga asubuhi moja tu, wadudu yote nakwisha."

"Na nyuki?" Nyanya akauliza. Maua yalikuwa yamefunguka, na nyuki walikuwa wengi.

"Mama, sasa wewe nataka mbegu ama nataka nyuki?"

Nyanya alimwambia angoje Madamu aje aione kwanza. Madamu Akello alikuwa mwalimu wa shamba darasa, lile kundi la wakulima lililokutana kila Jumatano karibu na kanisa, ambamo Wasamia, Wateso na Wajopadhola walikaa benchi moja na kubishana kwa Kiswahili. Alikuwa msichana bado, alivaa suruali na gambuti, aliendesha pikipiki mwenyewe. Wazee walimwita mwanangu, sisi watoto tulimwogopa.

Alikuja Jumatatu asubuhi. Hakupita shambani moja kwa moja kama watu wengine. Alikwenda kwa kupindapinda, anasimama, anainama, anageuza jani, anatazama chini yake, anaendelea. Wandera alimfuata na chupa yake. Mimi nilisubiri mwisho wa mstari na mkebe wangu, nimeushika kwa mikono miwili kama mtoto anayepeleka nyumbani ripoti nzuri ya shule.

Madamu alitazama ndani.

"Hawa wote umewaua wewe?"

"Ndiyo, Madamu."

"Leo tu?"

"Leo tu," nikasema, nikijiweka tayari kusifiwa.

Hakunisifu. Alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, akasema kwa upole, "Nitafutie mmoja aliye hai."

Ilinichukua muda, kwa sababu nilikuwa nimefanya kazi yangu vizuri. Mwishowe nilimpata mmoja mnene kwenye mharagwe wa pembeni. Madamu aliomba chupa ya kioo, Nyanya akaleta ile iliyokuwa ya asali, Madamu akamtia kimamba ndani pamoja na tawi lililojaa vidukari, akafunga mdomo kwa kipande cha kitambaa chepesi. Kisha akasema kwamba huyu si mama yao. Huyu anawala.

Nyanya alicheka kwa adabu, mkono mdomoni. "Mwanangu, mimi nalima tangu wewe hujazaliwa. Huyu iko na wao kila siku."

"Ndiyo, Mama. Hata paka yuko na panya kila siku," Madamu akajibu. "Lakini usinisadiki mimi. Tazameni chupa." Akamgeukia Wandera. "Hiyo dawa itaua vidukari, na itaua kila anayetusaidia kuwala. Wa kwanza kurudi watakuwa vidukari. Nipe siku saba."

"Siku saba, Madamu," Wandera alisema. "Ya nane napiga. Hii ni mbegu ya mama."

Kabla hajapanda pikipiki, Madamu alinivuta kando. Alisema shamba letu limebaki bila askari, na kwamba huko chini kwenye kijito, kwenye kishona-nguo na bangi-mwitu ambayo hakuna anayeipalilia, wako wengine. Nikawalete. Wazima.

Nilikwenda na kibuyu kilichokatwa. Nilipogeuza majani ya magugu yale niliwakuta, vimamba na mabibi arusi, wakiishi kwa raha mahali tulipopaita pachafu. Niliwabeba adui zangu kifuani, nikitembea taratibu kuliko nilivyowahi kutembea na maji, na kila mmoja nilimweka kwenye mharagwe wake. Kutwa nilikwenda mara tatu. Wanawake waliokuwa wakichota maji walinicheka mpaka wakashika mbavu.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" mmoja alinipigia kelele. "Nabwire, wageni wako wamelala salama?"

Hata mimi sikuwa na hakika.

Chupa ya kimamba niliiweka kwenye dirisha la jiko. Jioni ile ya kwanza nilikaa mbele yake, na nikaona. Kimamba alimwendea kidukari, akamshika kwa mdomo, akamwinua kutoka kwenye tawi huku miguu yake ikipunga hewani, akamla. Akaenda kwa mwingine. Hakuwa na papara. Niliacha kuhesabu nilipofika arobaini. Nikamwita Nyanya, naye akaja na kigoda akidhani ni utani, akakaa, na hakuinuka mpaka chakula kikaungua. Sikuwahi kumwona akiunguza chakula.

Usiku huo alifunika ule mkebe wa majivu kwa sahani, akausukuma nyuma ya mlango.

Siku ya pili kimamba aliacha kula. Alijigandisha mkia kwenye jani, akajikunja nundu, akapauka rangi. Nikamgusa kwa kijiti kupitia pembeni mwa kitambaa, akatikisika mara moja kisha akatulia. Tulikubaliana, mimi na Nyanya, kwamba amekufa kwa huzuni ya kufungiwa. Nilitaka kumtupa. Nyanya akasema Madamu alituambia tutazame, hakutuambia tutupe.

Shambani mambo yalikuwa nusu kwa nusu. Ncha nyingine zilikuwa zimesafishwa, nyingine bado nyeusi. Kila asubuhi Nyanya alipita bila mkebe, mikono mitupu ikiwa nyuma, kama mtu aliyekuja kukagua shamba la mwenzake. Siku ya sita alisimama mbele ya mharagwe mmoja wenye maganda yaliyojikunja, akaniuliza kama nadhani utapona. Ilikuwa mara ya kwanza mtu mzima kuniuliza swali asilolijua jibu. Nilisema ndiyo, kisha nikaenda nyuma ya choo nikaomba Mungu.

Siku ya nane, jua likichomoza, Wandera alikuja na bomba la kupulizia dawa mgongoni, limejazwa tayari. Alikuwa ameazima hata kofia. Mimi nilikimbia jikoni kuichukua ile chupa, sijui kwa nini. Labda nilitaka nimwonyeshe kwamba tulikuwa tumejaribu. Nilipoishika niliona ganda la yule maiti limepasuka mgongoni.

"Nyanya!" nilipiga kelele. "Nyanya, amefufuka!"

Wakaja wote wawili. Tuliweka chupa kwenye kizingiti penye mwanga, tukachuchumaa. Kutoka kwenye lile ganda kulikuwa kunatoka kitu laini cha manjano, manjano ya ute wa yai, kilicholowa, kisicho na alama yoyote. Kilijivuta mpaka kikawa nje chote. Kikapumzika. Kisha kutoka chini ya mgongo wake kikashusha mbawa mbili nyembamba zenye mikunjo, kikazinyosha nyuma yake zikauke, na kwa muda mrefu hakikufanya jambo jingine.

Wandera alianza kusema ana kazi nyingine. Nyanya akamshika mkono.

Halafu madoa yakaja. Hayakuja kwa kupakwa kutoka nje. Yalikuja kutoka ndani, hafifu kwanza, kama mafuta ya mandazi yanavyojitokeza kwenye karatasi, moja huku, moja kule, na kila ulipopepesa jicho yalikuwa meusi zaidi. Manjano nayo ikaiva ikawa chungwa, chungwa ikaelekea nyekundu. Jua lilikuwa limefika juu ya paa la jiko tulipotambua, wote watatu, ni nani tuliyekuwa tunamtazama.

Alikuwa bibi arusi.

Siwezi kuwaeleza vizuri kilichonipata. Nilimtazama yule mdudu mzuri niliyempenda tangu nijue kutembea, nikatazama lile ganda la miiba alilolivua, na dunia yote ikawa kubwa kuliko ilivyokuwa jana yake. Kama hawa wawili walikuwa mmoja, basi nini kingine kilikuwa kinanidanganya kwa sura yake? Lakini nyuma ya ajabu ile palikuja hofu, kwa sababu nilikumbuka mikebe yangu, asubuhi baada ya asubuhi. Nilikuwa nikiwabusu mama zao kidoleni na kuwazamisha watoto wao.

"Yesu," Wandera alisema taratibu, akavua bomba mgongoni.

Tulikwenda shambani sisi sote, yeye akiwa na kofia yake ya kuazima mkononi. Sasa tulijua cha kutafuta. Chini ya majani tuliwaona vimamba wakila, na wengine wamejigandisha kwa mikia, nundu kwa nundu, wakisubiri siku yao. Vidukari walikuwa bado wapo. Lakini kwenye ule mharagwe Nyanya alioniulizia, ncha ilikuwa safi, na jani jipya lilikuwa limefunguka bila mkunjo. Wandera hakupiga dawa. Ile chupa isiyo na jina ilichukuliwa na Madamu Jumatano, akasema hata kuitupa kunataka akili.

Nyanya hakushangilia pamoja nasi. Aliketi chini kati ya mistari, kwenye udongo mbichi. Hakula mchana, wala jioni. Nilijua ni kwa sababu yangu. Nilimsogelea nikamwuliza kwa sauti ndogo kama ananikasirikia.

"Si wewe," alisema. Akanipangusa uso kwa kiganja chake.

Tulivuna. Hayakuwa mengi, lakini yalijaza ungo, yote yana mkanda wake mweupe, na tulipoyaanika juani watu walikuja kuyatazama kama mtoto mchanga. Safari hii Nyanya hakuyarudisha kwenye chungu. Alifuata alivyoambiwa na Madamu, akayajaza kwenye jerikeni dogo mpaka shingoni ili fukusi wasipate hewa, akafunga kifuniko kwa nguvu za Wandera. Sehemu nyingine aliifunga kwenye kitambaa. Kisha akasema, "Kesho tunakwenda Molo." Hakusema msimu ujao.

Nilikuwa sijawahi kufika. Nakumbuka jiwe la Tororo, lile kubwa kama mlima, likikaa upande mmoja wa njia na kukataa kuondoka hata tulivyokwenda mbali. Nakumbuka Nyanya Mkubwa, mrefu kuliko dada yake, akija kutupokea huku akilia na kucheka kwa pamoja, mikono imenyooshwa tayari kupokea mbegu aliyoingoja miaka yote ile.

Nyanya hakumpa. Alimpita, akiwa na kitambaa chake, akazunguka nyumba mpaka nyuma, lilipo kaburi la mama yao. Akapiga magoti pale. Alisema maneno mengi kwa Kidhopadhola, polepole, kama mtoto anayeeleza sababu ya kuchelewa, akaonyesha kwa vidole viwili urefu wa kitu kidogo, kama punje ya mchele. Nyanya Mkubwa aliyekuwa amesimama karibu yangu akafunika mdomo wake kwa mkono. Kisha wale dada wawili wakaenda shambani wakapanda pamoja, mistari miwili sambamba, na mimi nikafukia kwa kisigino.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Nyanya siku ile alikuwa anasali, akishukuru kwa mbegu. Nilikuwa mtoto, niliona ni jambo la wadudu, nikajua kosa ni langu na limesamehewa, basi. Sikujua kwamba yule mwanamke aliyeketi udongoni bila kula alikuwa akiwahesabu wale wote waliozamishwa na mikono ya mama yake, mikono ya dada yake na yake mwenyewe, wakifanya kwa bidii na kwa upendo kile kilichokuwa kinayaua maharagwe waliyotaka kuyaokoa. Sikujua inavyouma kugundua, ukiwa na mvi, kwamba aliyekufundisha kila kitu chema alikufundisha na hilo.

Nyanya alipofariki nilikwenda Molo kumpelekea dada yake habari. Nilimkuta amezeeka sana, lakini akili yake ilikuwa nzima, na nyuma ya nyumba maharagwe ya rangi ya ini yalikuwa yameanikwa. Ndipo nilipomwuliza Nyanya alisema nini siku ile kaburini.

"Alisema kuhusu wale wadudu weusi," Nyanya Mkubwa alinijibu. "Alimwambia: Mama, tulikuwa tunaua watoto wetu wenyewe. Mimi ndiye nilianza. Wewe hukutufundisha hivyo. Lala tu, mama, hukutufundisha hivyo."

Akajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Lakini alitufundisha," alisema. "Mimi nilikuwapo. Alitufundisha kila asubuhi."